Sura ya 5: Dasta ya Kushika na Dasta ya Kutimua

Nyumba nyingi zina dasta moja tu. Huwa ni fulana iliyochakaa au kipande cha kanga kilichopauka, kinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na kazi zake hazina mpaka. Asubuhi kinafuta meza ya chai, mchana kinapita juu ya televisheni, jioni kinazoa maji yaliyomwagika chini ya friji. Kikichafuka kinasuuzwa, kikikauka kinarudi kazini. Kisha mwenye nyumba analalamika kwamba vumbi la mtaa wao haliishi. Ni kweli haliishi, maana sehemu kubwa yake haijapata kutoka nje ya mlango. Imetoka mezani ikaenda hewani, ikatoka hewani ikaenda kwenye kochi, na keshokutwa imerudi mezani.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya dasta, uliza jambo moja: ikipita juu ya vumbi, inalishika au inalitimua? Rangi, mpini mrefu, maneno mazuri kwenye kifungashio, yote hayo ni ya baadaye. Na jibu halitegemei dasta peke yake. Linategemea pia ni vumbi gani, limekaa juu ya nini, na hewa ya mahali unapoishi ina unyevu kiasi gani.

Vumbi la Dodoma au Singida mwezi Agosti ni udongo mkavu. Mvua huko hukatika Aprili au Mei na hairudi hadi Novemba au Desemba. Miezi yote hiyo ardhi iko wazi, upepo unavuma, na kila gari linalopita barabara ya vumbi linaacha fungu lake madirishani. Kwenye udongo mwekundu, kama ule wa Kiambu, wekundu wenyewe ni madini ya chuma yaliyoshika kutu, ndiyo maana ukilifuta vumbi hilo kwa kitambaa kilicholowa chapachapa unapata tope jembamba linalotia doa ukuta mweupe. Ndani ya udongo wa namna hii mara nyingi mna pia chembe za mchanga wa kwatzi. Katika kipimo cha ugumu wa madini, ambamo almasi ina 10, kwatzi ina 7, na kioo cha kawaida kina kama 5 na nusu. Plastiki ya mbele ya televisheni na vanishi ya meza ni laini kuliko hivyo vyote. Kusugua vitu hivyo kwa kitambaa kikavu kilichojaa mchanga ni kuvipiga msasa.

Shuka pwani, mambo yanageuka. Tanga, Mombasa na Unguja hewa inatoka baharini na chumvi yake. Chumvi hunyonya unyevu, na vumbi likitua juu yake linakuwa utando unaonata. Pitisha kifagio cha manyoya juu ya dirisha la nyumba iliyotazama bahari uone: manyoya yanapita, utando unabaki. Tena chumvi hiyo inakula bawaba za chuma na vitasa ikiachwa. Vumbi la pwani linadai maji, hata kama ni kidogo.

Unyevu huo huo unamlea mdudu ambaye wengi hawajawahi kumwona, utitiri wa vumbi. Ana urefu wa kama robo ya milimita, anakula magamba madogo ya ngozi yanayotudondoka kila siku, na hanywi maji kwa mdomo. Anayafyonza kutoka hewani. Hewa ikiwa kavu mno, anakufa. Kinachowasumbua watu wenye pumu na mafua ya mzio hasa ni kinyesi chake, ambacho ni chepesi na hupeperuka godoro likipigwa au kochi likikung'utwa ndani ya nyumba. Ndani ya vumbi la nyumbani ongeza nyuzi za nguo na mapazia, masizi ya moshi, chavua, na vipande vya mende waliokufa zamani.

Sasa tuangalie vumbi linafanya nini likishatimuliwa. Chembe kubwa zinaanguka upesi. Chembe ya kipenyo cha mikroni 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, ikirushwa hadi karibu na dari, huchukua kama dakika tano hadi robo saa kufika sakafuni hewa ikiwa imetulia. Chembe ya mikroni 1 huchukua saa nyingi, pengine kutwa nzima, na ndiyo inayofika ndani kabisa ya mapafu. Hewa ya nyumba yenye watoto na pangaboi linalozunguka haitulii kamwe. Basi mtu anayepiga meza kwa tambara kavu, pa, pa, pa, kisha akapiga deki papo hapo, anadeki sakafu ambayo vumbi bado liko njiani kuifikia. Ndiyo sababu ya ile kanuni ya zamani ya kuanza juu na kumalizia chini. Mimi ningeongeza kwamba kati ya kufuta vumbi na kudeki pawe na muda wa kunywa chai.

Kifagio cha manyoya ndicho kinachopendeza kuliko vyote na ndicho kinachonunuliwa kwa makosa kuliko vyote. Katika miaka ya 1870 huko Marekani, Susan Hibbard wa Wisconsin aliona manyoya ya bata mzinga yanatupwa, akatengeneza vifagio, akapata hataza. Baadaye ikaja zamu ya mbuni. Mji wa Oudtshoorn, Afrika Kusini, ulitajirika kwa manyoya ya ndege huyo, yaliyopelekwa Ulaya kupamba kofia za mabibi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza manyoya hayo yalikuwa miongoni mwa bidhaa kuu za nchi hiyo zilizouzwa nje, yakitanguliwa na dhahabu, almasi na sufu. Mwaka 1914 soko likaanguka. Vita vilikuja, na mtindo wa mavazi ulikuwa umebadilika. Kofia zikapita, kifagio kikabaki.

Unyoya wa mbuni una sababu yake ya kufaa. Kwa ndege wengi, nyuzi za unyoya zina vikulabu vidogo vinavyozishikanisha ziwe bapa moja la kukamata hewa, nao wanapaa. Mbuni hapai, na nyuzi za manyoya yake hazina vikulabu. Kila uzi unajitegemea, laini na wenye vinywele vingi, kwa hiyo kifagio kizuri cha mbuni kinaweza kubeba vumbi kidogo mpaka ukikung'ute nje. Manyoya ya kuku yaliyopakwa rangi, ambayo ndiyo mengi sokoni kwetu, ni bapa na magumu, na kazi yake ni kusukuma. Dukani ni rahisi kutofautisha. Puliza. Ya mbuni yatatikisika yote hadi mzizini, ya kuku yatatikisika nchani tu.

Hata cha mbuni kina adabu zake. Hakipigwi, kinazungushwa taratibu juu ya kitu huku mkono ukivuta kuja kwako, kisha kinakung'utwa nje ya mlango mara kwa mara. Kazi yake ni vitu vyepesi vinavyovunjika au vyenye pembe nyingi: taa ya kuning'inia, vikombe vya kabati la sebuleni ambavyo havijanywewa chai tangu harusi, fremu za picha. Kwenye maua ya plastiki hakifai hata kidogo. Hayo yatoe, yatumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni, yasuuze, yaanike. Na kama nyumbani kuna mtoto mwenye pumu, usikitumie kabisa, kiwe cha mbuni au cha malaika.

Ndugu yake wa plastiki, lile brashi la nyuzi za rangi zote ambalo wachuuzi hulipunga kwenye taa za barabarani, ana hadithi ya kuvutia zaidi. Nyuzi zake ni za plastiki ya polipropilini. Ukilizungusha kwa kasi au kulisugua kwenye mfuko wa plastiki, linapata umeme tuli, ule unaosimamisha nywele ukivua sweta la nailoni, na vumbi linavutwa. Lakini umeme tuli haukai kwenye hewa yenye unyevu, unavuja. Kwa hiyo brashi hilo moja, la bei moja, linafanya kazi vizuri Dodoma wakati wa kiangazi na linakuwa pambo Zanzibar wakati wa masika. Anayelisifu na anayelitukana wote wanasema kweli, ila tu hawakai mji mmoja. Ukiwa bara kwenye ukavu, nunua, litakufaa kwa mapazia, vivuli vya taa na rafu za juu. Ukiwa pwani, okoa pesa yako.

Kuna pia lile la kamba nene za pamba linalouzwa kwa ajili ya magari. Aina nyingi zimepakwa nta kidogo ili vumbi ligande. Juu ya bodi ya gari halina neno. Juu ya kioo, skrini au meza ya vanishi linaacha ukungu wa mafuta utakaokutoa jasho kuuondoa. Liache kwenye buti.

Turudi kwenye tambara. Sina ugomvi na fulana kuukuu, ila si kila fulana. Pamba iliyofuliwa mara nyingi ni dasta bora, kwa sababu imeshamaliza kutoa nyuzi na inanywa maji vizuri. Jezi ya mpira na shati la poliesta hazinywi, zinasukuma maji huku na huku na kuacha michirizi. Ukiwa na shaka, toa uzi mmoja, uuwashe kwa kibiriti ukiushika kwa koleo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Poliesta huyeyuka na kuacha kifundo kigumu cheusi. Kwenye mabunda ya mitumba, Gikomba au Kariakoo, fulana za pamba zenye doa au tundu huuzwa kwa bei ya kutupwa, na moja inatoa madasta manne. Ondoa vifungo, zipu na mishono minene kabla ya kukata, maana hivyo ndivyo vinavyokwaruza.

Siri ya tambara la pamba iko kwenye kukamua. Likiwa kavu linatimua. Likiwa limelowa linatengeneza tope, linavimbisha mbao na kuacha madoa meupe kwenye vanishi. Linalotakiwa ni la unyevunyevu. Ulichovye, ulikamue mpaka lisidondoshe hata ukilipinda kwa nguvu, kisha upitishe mara moja juu ya meza. Alama ya maji nyuma ya mkono wako inapaswa kuwa imeanza kukauka unapofika mwisho wa meza. Kama bado inameremeta, kamua tena. Likunje nusu, kisha nusu tena, upate nyuso nane safi, ugeuze kila uso unapochafuka. Watu wengi hulikunja kama ngumi, likachafuka sehemu moja, wakaendelea na sehemu hiyo hiyo.

Kwa mbao za mninga au mvule zenye vanishi hii inatosha kabisa. Dawa za kupulizia zinazoacha mafuta yanayong'aa hupendeza mchana ule ule, lakini uso wenye mafuta ndio unaonasa vumbi la kesho.

Maikrofaiba ndicho kifaa ambacho sura hii ingeweza kuandikwa kwa ajili yake peke yake. Mwaka 1970 mtaalamu wa kampuni ya Toray ya Japani, Miyoshi Okamoto, alifanikiwa kutengeneza nyuzi nyembamba mno kwa ajili ya kitambaa kinachofanana na ngozi ya swedi. Miongo miwili baadaye nyuzi za ukoo huo zilikuwa zimeanza kuenea Ulaya kama vitambaa vya usafi. Uzi wake huwa na plastiki mbili, poliesta na nailoni, mara nyingi kwa kiasi cha 80 kwa 20. Kiwandani uzi huo hupasuliwa kwa urefu, ukabaki na kingo kali ndogo sana badala ya mzunguko laini. Uzi uliopasuliwa ni mwembamba kuliko unywele wa mtu mara kumi na zaidi. Katikati ya kingo hizo chembe za vumbi hunasa na kukaa mpaka zitolewe na maji. Kikiwa kikavu kinashika vumbi, kikiwa na unyevu kidogo kinashika hata alama za vidole, bila sabuni.

Tatizo ni kwamba si kila kitambaa laini cha rangi ya bluu kinachoitwa maikrofaiba kimepasuliwa. Kingi kinachouzwa kwa mafungu ni poliesta tupu iliyofumwa kwa manyoya. Unaweza kukijaribu bila kumuuliza muuzaji. Kipitishe polepole kwenye kiganja kikavu. Kilichopasuliwa kinakwaruza kidogo na kugandia sehemu ngumu za ngozi, hisia ambayo wengine hawaipendi kabisa. Kisichopasuliwa kinateleza. Ukiwa nyumbani, mimina matone ya maji mezani, ukiweke kitambaa juu bila kukandamiza. Kizuri kinayanywa. Kibaya kinayasukuma pembeni. Kwa vioo na skrini chukua kile kilichofumwa bapa kama kitambaa cha kufutia miwani. Kwa fanicha chukua chenye manyoya mafupi, kina nafasi zaidi ya kuhifadhi uchafu.

Skrini ya televisheni izime kwanza, iache ipoe. Kwenye weusi wake utaona vumbi lilipo. Futa kwa kitambaa bapa kikavu, bila kukandamiza, kutoka juu kwenda chini. Kama kuna alama za vidole, lowesha pembe ya kitambaa kwa maji matupu. Usipulize dawa ya vioo moja kwa moja kwenye skrini. Tone linaloteremka hadi kwenye fremu ya chini hupenya ndani, na dawa zenye amonia au spiriti huharibu utando wa juu. Nyuma ya televisheni na kwenye soketi tumia brashi kavu peke yake.

Brashi ninayoisema ni brashi ya rangi, ile ya fundi, mpya, ya inchi mbili, yenye nywele laini. Nadhani ndiyo dasta iliyodharauliwa kuliko zote nyumbani kwetu. Inaingia kwenye kona za fremu, kwenye vitufe vya rimoti na kinanda cha kompyuta, kwenye matundu ya spika. Kwa nakshi haina mpinzani. Mlango wa kuchonga wa Kizanzibari, kasha la misumari ya shaba, kiti cha enzi cha Lamu: kitambaa kikipita juu ya michongo hiyo kinalisukuma vumbi kwenye mifereji ya chini na kulishindilia humo, mpaka nakshi inapotea kidogo kidogo kila mwaka. Brashi inalitoa. Shika kitambaa chenye unyevu kwa mkono wa pili chini ya brashi, kilipokee linapoanguka. Vitabu navyo ni kazi ya brashi. Kishike kitabu kikiwa kimefungwa, kikiinama mbele kidogo, ufagie ukingo wa juu kutoka kwenye mgongo kwenda nje. Ukitumia tambara bichi unaingiza unyevu kwenye karatasi, na ukungu wa pwani hauhitaji mwaliko wa pili.

Pangaboi linahitaji foronya kuukuu, si zaidi. Zima swichi, subiri lisimame kabisa, panda kwenye ngazi na si kwenye kiti cha plastiki. Livalishe panga moja foronya kama unavyouvalisha mto, bana juu na chini kwa viganja, vuta taratibu. Vumbi lote linabaki ndani. Anayelifuta kwa kifagio kutoka chini analipokea usoni, na kitanda kilichoko chini yake kinapokea salio.

Dari na pembe za kuta ni za fagio la buibui, lile la mpini mrefu lenye kichwa cha mviringo. Kabla ya Idi na Krismasi ndipo linapotafutwa mtaa mzima na kukutwa limevunjika. Kosa la kawaida ni kuliburuta. Utando wa buibui huwa umebeba masizi, na ukiburutwa unaacha mstari mweusi kwenye rangi ambao hautoki bila kupaka upya. Gusa utando, zungusha fagio ujizongomeze, kisha ondoa. Na ukimkuta ukutani buibui mdogo anayeruka, asiye na utando wa kutegea, mwache. Mmoja wa jamii hiyo anayeishi kando ya Ziwa Victoria, ambaye wanasayansi wanamwita Evarcha culicivora na wamemchunguza huko Mbita, Kenya, anapenda kula mbu jike waliokwisha kunyonya damu kuliko windo jingine lolote. Kumfagia si usafi.

Nyavu za mbu madirishani hunasa vumbi jingi, na husahaulika. Zianze kwa brashi kavu siku upepo unapovuma kutoka ndani kwenda nje, kisha kitambaa chenye unyevu pande zote mbili, mkono mmoja ndani na mwingine nje kama dirisha linaruhusu. Madirisha ya luva yana dawa rahisi: vaa soksi kuukuu ya pamba mkononi, ilowe kidogo, pita kila kioo katikati ya vidole. Angalia kingo zake tu, luva za zamani zinakata.

Jikoni usipeleke dasta kavu ya aina yoyote. Juu ya kabati la jikoni, juu ya friji, kwenye fremu ya dirisha karibu na jiko, vumbi limechanganyika na mvuke wa mafuta ya kukaangia na masizi ya mkaa, likawa gundi. Maikrofaiba yako nzuri ikigusa hapo imekwisha, mafuta yanaziba nafasi za nyuzi. Hapo ni maji ya moto, sabuni ya kuoshea vyombo na tambara la pamba ambalo hutaumia kulitupa. Liache povu likae dakika kadhaa kabla ya kusugua.

Kuna vumbi moja ambalo halifutwi wala kufagiliwa likiwa kavu, hata kwa dasta bora duniani: kinyesi cha popo darini na cha panya stoo. Kwenye marundo ya kinyesi cha popo huota kuvu wa jamii ya histoplasma, na mbegu zake zikivutwa hewani zinaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Kinyesi cha panya nacho hubeba vimelea. Fungua madirisha, vaa barakoa inayobana vizuri na glavu. Kama kinyesi ni kidogo, kiloweshe kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya jiki na sehemu tisa za maji, subiri dakika tano au zaidi, kisha uzoe kwa karatasi au matambara ya kutupa. Usiichanganye jiki na siki wala dawa ya choo yenye tindikali, hutoa gesi ya klorini. Kama dari limejaa tani ya kinyesi cha miaka, hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa.

Dasta inayoshika vumbi ina gharama yake: lazima ifuliwe. Maikrofaiba ifue peke yake, si pamoja na taulo za pamba, maana itanasa nyuzi zao. Sabuni ya unga ya kawaida inatosha. Dawa ya kulainisha nguo ni adui yake mkubwa, hupaka utando juu ya nyuzi na kuua uwezo wake wa kunasa. Jiki na pasi ya moto navyo huziharibu. Kifagio cha mbuni hufuliwa kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kikakung'utwa na kuning'inizwa kichwa kikitazama chini hadi kikauke. Gawa vitambaa kwa rangi, ya choo isiwahi kufika jikoni, na kila mtu wa nyumba ajue rangi hizo, pamoja na watoto.

Katika nyumba zetu nyingi anayefuta vumbi ni dada wa kazi, na anayenunua dasta ni mtu mwingine ambaye haitumii. Matokeo yake ni vifaa vilivyochaguliwa kwa sura, na mpini mfupi kwa mtu anayetakiwa kufikia dari. Nenda naye dukani, au mpe pesa achague mwenyewe baada ya kusoma naye kurasa hizi. Yeye ndiye anayevuta hewa ya vumbi hilo kila asubuhi, na barakoa yake ni sehemu ya bajeti ya usafi kama sabuni ilivyo.

Kama pesa inatosha vitu vichache tu, nunua vitambaa vinne vya maikrofaiba iliyopasuliwa, viwili bapa na viwili vya manyoya mafupi, na brashi moja laini ya rangi ya inchi mbili. Fagio la buibui azima kwa jirani. Fulana kuukuu za pamba tayari unazo. Kifagio cha manyoya kiache dukani, isipokuwa una taa ya vioo vya kuning'inia na hakuna mwenye pumu ndani ya nyumba.